Krismasi ya hela ndogo: namna ya kuivuka bila deni na bila kufichana

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwaka 2024, baba watoto alirudi nyumbani na begi lake la vifaa, akaliweka nyuma ya mlango, akaomba maji ya kunywa. Kazi ya kupiga plasta aliyokuwa nayo tangu Septemba ilikuwa imekwisha, na bosi aliwaambia mafundi kwamba hela yao itatoka mwakani, mambo yakikaa sawa. Hakuniambia siku hiyo. Aliniambia Jumatano usiku, watoto wameshalala. Zile siku nne za katikati zilituumiza kuliko ukata wenyewe, maana ndani ya siku hizo mimi nilikuwa nimeshaandikisha jina kwenye kitenge cha sare ya kwaya, na yeye alikuwa ameshamwambia mama yake kule Rombo, Kilimanjaro, kwamba tunakuja.

Tunaishi Mbagala, Dar es Salaam, tuna watoto watatu, mimi nauza maandazi asubuhi. Krismasi ile tuliivuka, tukaingia Januari bila kudaiwa na mtu aliyetupigia simu usiku. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoyafanya kwa mpangilio, pamoja na machache ambayo tungeyafanya mapema zaidi. Ni kwa ajili ya familia ambayo Desemba imeikuta mfuko umetoboka, na bado inataka kumshukuru Mungu kwa moyo mweupe.

Na niseme mapema ninavyoielewa subira. Wengi tumefundishwa kwamba mwenye subira ni yule anayenyamaza. Mimi naona kunyamaza ndiko kulikokaribia kutuvunjia nyumba. Subira iliyotusaidia sisi ilikuwa ya kusema mapema, kisha kufanya jambo moja baada ya jingine bila kukimbilia njia ya mkato.

Hatua ya 1: Semeni ninyi wawili kwanza, kabla ya tarehe 5

Mkae usiku watoto wakilala. Zima redio, weka simu zote mbili mezani na uzifungue mbele ya mwenzako: salio la huku na salio la kule, hela iliyo kwenye kopo, inayotarajiwa, na madeni yote hata yale ya aibu. Usibakize la kusema kesho. Mwanamume akisema "nitajua mwenyewe", mwanamke naye akificha kibubu chake kwa kuogopa kitaliwa, mnakuwa na bajeti mbili ndani ya nyumba moja, na zote mbili ni za uongo.

Kuna jambo moja la kukubaliana kabla ya kushika kalamu: usiku huo hakuna kulaumiana. Mimi nilikuwa na maneno mengi kifuani kuhusu zile siku nne. Niliyameza hadi Januari, na sikujuta. Tuliomba kwanza, sala fupi tu, halafu tukahesabu. Nashauri mfuate utaratibu huo huo, kwa sababu hesabu ikitangulia, sala inageuka kuwa malalamiko.

Hatua ya 2: Gawa hela ukianzia Januari

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu anaanza na kuku, soda na nguo, kisha kinachobaki ndicho anachokiita Januari. Geuza. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba kabla ya Sikukuu, kwa hiyo hata aliye kazini anakaa zaidi ya wiki tano kabla ya kuona mshahara mwingine. Asiye na mshahara ndiyo kabisa.

Sisi tulikuwa na shilingi 186,000 mkononi, na gawio la 120,000 la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, lililokuwa linakuja tarehe 14. Jumla 306,000. Kodi ya nyumba ilikuwa imelipwa hadi Machi, na chakula cha kila siku kilikuwa kinatoka kwenye maandazi. Tukagawa hivi, kwa mpangilio huu huu: shule ya Januari 150,000, deni la dukani kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani, 40,000, akiba ya ugonjwa 30,000, umeme wa LUKU na maji 20,000, sadaka 6,000, na Sikukuu 60,000.

Shule ilichukua karibu nusu ya hela yote kwa sababu binti yetu mkubwa alikuwa amefaulu darasa la saba. Tangu 2016 hatulipi ada sekondari za serikali, lakini anayeingia Kidato cha Kwanza anahitaji sare, sweta, viatu, madaftari makubwa, na mengine yaliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Majina ya waliochaguliwa na shule walizopangiwa hutangazwa Desemba, kwa hiyo huna haja ya kusubiri mwaka mpya ndipo uanze. Madaftari nunua kabla ya Krismasi Kariakoo, kwa dazeni, mkigawana na jirani mwenye mtoto wa umri huo. Wiki ya kwanza ya Januari kila mzazi wa Dar yuko mtaa ule ule anatafuta kitu kile kile, na muuzaji analijua hilo.

Kuhusu Mangi: mlipe hata nusu, na umlipe kabla ya tarehe 20. Daftari lake ndilo litakalokulisha Januari. Usipite mbele ya duka lake na mfuko wa nyama wakati unadaiwa sukari ya Oktoba. Mwambie, "Mangi, pokea hii, nyingine nitamalizia mwezi wa pili." Sijaona Mangi aliyekasirikia maneno ya namna hiyo.

Weka kila fungu kwenye bahasha yake. Mkiwa na simu moja yenye hela, ile ya shule itoeni mkaiweke kwa mtu mnayemwamini, kwa sababu hela iliyo kwenye simu haina mipaka. Saa tatu usiku mtu ana hamu ya chipsi, imekwisha.

Hatua ya 3: Waambie watoto, na uanze na kilichopo

Tulikaa nao mkekani jioni ya siku iliyofuata. Kiasi cha hela hatukuwatajia. Mtoto hahitaji kubeba namba. Baba yao akasema, "Mwaka huu kazi ya baba haijalipwa. Krismasi ipo, kanisani tutakwenda, pilau ipo. Rombo hatuendi, na nguo mpya ni moja kwa kila mtu, tena ya mtumba."

Kimya. Kisha yule mdogo wa miaka sita akauliza, "Na soda?"

"Soda ipo. Moja moja."

Akarudi kucheza. Wadogo wanataka kujua lile jambo lao moja tu kama liko salama. Liulizeni mlijue, kisha mlilinde hilo hata kama mengine yataanguka. Kwetu lilikuwa soda. Kwa mwingine ni puto, au kukaa kiti cha mbele kwenye daladala.

Aliyehitaji kuangaliwa zaidi alikuwa mkubwa. Yeye hakuuliza kitu. Kesho yake narudi kutoka kuuza, nakuta begi lake la shule la zamani limening'inia kwenye kamba, limesuguliwa kwa brashi hadi rangi imepauka, zipu ameipaka mshumaa ili iteleze. Alikuwa ameliondoa begi jipya kwenye orodha yake bila kumwambia mtu. Nikakaa naye. Nikamwambia asante, kisha nikamwambia hela ya begi ipo kwenye bahasha na haitoki. Mtoto mkubwa wa familia yenye dhiki hujifanya mzazi haraka sana, na wazazi tunafurahi tukiita hiyo ni akili. Mpunguzie. Mwachie kazi za mtoto.

Usiku huo tulisoma Luka sura ya pili, ila hatukuishia kwa wachungaji na malaika. Tulifika mstari wa 24, pale Yosefu na Mariamu wanapompeleka mtoto hekaluni na kutoa sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Kisha tukafungua Walawi 12:8, ambapo sheria inasema sadaka hiyo ni ya mwanamke asiye na uwezo wa kupata mwana-kondoo. Baba watoto aliusoma mara mbili. Miaka yote ya kwenda kanisani, hatukuwahi kuunganisha mistari hiyo miwili: wazazi wa Yesu walisimama hekaluni mbele ya watu na sadaka ya maskini mkononi, na wala hawakubaki nyumbani kwa aibu. Ukiwa na jambo moja la kuwasomea watoto wako mwezi huu, wasomee hilo.

Hatua ya 4: Piga simu nyumbani, na apige mwenye mama

Kwa familia za Kilimanjaro, Desemba ni kurudi nyumbani. Usipoonekana watu wanahesabu. Kwa hiyo ukishajua huendi, sema mapema, kabla watu hawajafuga mbuzi kwa jina lako.

Mume apige kwa mama yake, mke apige kwa mama yake. Usimtume mkeo akaseme kwa wakwe kwamba hamuendi, maana hata akisema vizuri namna gani itaonekana yeye ndiye aliyekataa. Na usisingizie. Ukisema mtoto anaumwa, mtoto huyo ataombewa kijiji kizima, na Pasaka utaulizwa habari zake.

Baba watoto alipiga saa mbili usiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mnakuja lini?"

"Mama, mwaka huu hatuji. Kazi niliyofanya haijalipwa."

"Njooni hivyo hivyo. Nani amewaambia mje na kitu?"

Hapo ndipo wengi hulegea, kwa sababu wazazi wetu hawadai zawadi, wanataka watoto wao. Lakini nauli haijui upendo. Akamwambia, "Mama, nauli ya watu watano kwenda na kurudi ndiyo sare na viatu vya mjukuu wako anayeingia sekondari."

Mama alikaa kimya. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ndizi mtapata wapi?"

Tarehe 22 mkungu wa mshare ulifika na basi pale kituo cha Mbezi Luis, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba, juu yake kipande cha boksi chenye namba ya simu ya mwanawe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tungesingizia ugonjwa, bibi angetuombea, na ndizi zingebaki mgombani.

Ukiwa huna hata vocha ya kupiga, omba simu kwa jirani. Ujumbe wa maandishi kwa jambo hili hautoshi.

Hatua ya 5: Kaa mbali na hela ya haraka

Hatua hii ni fupi kwa sababu jibu lake ni fupi: usikope kwa ajili ya kula Sikukuu.

Mtaani tuna mikopo ya riba kubwa, ya kurejesha kila siku, tunayoiita kausha damu. Piga hesabu kabla hujatoa kitambulisho chako: ukichukua 100,000 na kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, umerejesha 130,000. Ukiuchukua tarehe 20 Desemba, unakwisha katikati ya Januari, siku zile zile shule zinafunguliwa. Kwenye simu kuna hatari nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Programu ya namna hiyo ukiiruhusu isome majina kwenye simu yako, siku ukichelewa kulipa watapigiwa watu wako: shemeji, mchungaji, mteja wa maandazi. Jirani yetu mmoja alihama namba ya simu kwa sababu hiyo.

Kama ni lazima, kwa mfano dawa, anzia kwenye kikoba chako. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya matatizo. Mwone mwenyekiti wiki mbili kabla ya kuvunja mzunguko; siku ya mgao hakuna atakayekusikiliza. Na kama unadaiwa na kikoba, kubali gawio lako likatwe deni hapo hapo. Linauma siku moja.

Hatua ya 6: Kanisani nenda, hata mkono ukiwa mwepesi

Desemba kanisani kuna mambo mengi ya hela. Kuna bahasha za ahadi za mwaka, kuna zawadi ya Krismasi, mchango wa jumuiya, sare ya kwaya, na wakati mwingine jengo. Mtu anayeshindwa kulipa huanza kukosa ibada Jumapili moja, kisha mbili, hadi inafika Krismasi anajikuta amekaa nyumbani na familia yake kana kwamba amefukuzwa. Hakuna aliyemfukuza.

Fanya hivi. Mwone mzee wa kanisa wa mtaa wako, au kiongozi wa jumuiya, mkiwa wawili, umwambie ahadi yako imekwama na lini utaendelea. Sisi tulimwambia tutaendelea Machi. Akaandika, akatuombea, yakaisha. Kisha toa kidogo ulichopanga. Sisi ile 6,000 tuliigawa kwa Jumapili tatu na siku ya Krismasi yenyewe, shilingi 1,500 kila mara, na watoto ndio walioipeleka mbele.

Kuhusu kitenge cha sare, niliondoa jina langu. Nilikwenda kwa mama kiongozi wa kwaya nikamwambia, "Mama, mwaka huu sitaweza, nitavaa cha mwaka jana." Nilidhani nitasimama peke yangu mstari wa nyuma. Siku ya Krismasi tulikuwa saba tuliovaa cha mwaka jana. Wale sita walikuwa wanasubiri mtu wa kwanza kusema.

Na kama ninyi ndio mnaoongoza kwaya, jumuiya au umoja wa wanawake na mnasoma hapa, nawaomba kwa unyenyekevu: Desemba tangazeni kwamba sare ya zamani inaruhusiwa. Tangazeni kwa sauti, mbele ya wote.

Hatua ya 7: Nguo za watoto

Nenda mtumba mapema asubuhi wanapofungua belo ukitaka kuchagua, au jioni wanapofunga ukitaka bei. Karume pale Ilala ni pakubwa zaidi. Sisi watu wa Temeke tunakwenda Tandika. Usiende na watoto, utanunua kwa machozi yao. Pima nguo zao nyumbani kwa kamba, funga fundo kwenye urefu wa kila mmoja, nenda na kamba. Tulitumia 13,000 kwa watoto watatu. Kama kuna kupunguza au kukunja, fika kwa fundi cherehani kabla ya tarehe 10. Baada ya hapo atakupokelea, lakini utaipata Januari.

Hatua ya 8: Sokoni na jikoni

Vinunuliwe kwa mafungu mawili. Vikavu, yaani mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta na viungo, vimalizike kufikia tarehe 15. Vitunguu, nyanya, viazi na tangawizi viende tarehe 22 au 23. Mkesha wenyewe usiende sokoni kabisa kama unaweza. Foleni ya buchani tarehe 24 inakula nusu siku, na mwenye bucha siku hiyo hana muda wa kukuchagulia.

Kuku tuliacha. Najua kuna nyumba ambazo Krismasi bila kuku haijaitwa Krismasi, lakini kuku mmoja kwa watu watano na wageni ni vipande vya kugombania, wakati kilo moja ya nyama yenye mifupa inatoa sufuria mbili: pilau ya mchana na ndizi nyama ya jioni. Hela ndogo inahitaji chakula chenye supu.

Pilau yetu ilikuwa ya kilo moja na nusu ya mchele, nusu kilo ya nyama na nusu kilo ya viazi. Nyama chache haionekani kuwa chache kama utazingatia mambo matatu.

La kwanza ni supu. Chemsha nyama na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, kwa moto mdogo, hadi mifupa iachie ladha yake. Usimwage hata kijiko.

La pili ni vitunguu. Vitunguu vinne vikubwa, vikatwe vyembamba, vikaangwe polepole. Vinaanza kwa kulia kwenye mafuta, vinalainika, vinakuwa vya dhahabu, na hapo ndipo wengi huingiza viungo kwa sababu ya haraka. Subiri. Vifikie rangi ya kahawia iliyoiva, ukingoni vikianza kukakamaa, na harufu ya utamu ikianza kupanda. Rangi ya pilau inatoka hapo. Kisha saumu na tangawizi iliyotwangwa, kisha bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu chache na pilipili manga, zote ziwe zimekaangwa kidogo na kutwangwa nyumbani. Viungo vizima vya shilingi 2,000 ukivitwanga mwenyewe vinashinda vya pakiti. Ingiza nyama, ikaange hadi ishike rangi, ingiza viazi vilivyokatwa vikubwa, kisha mchele uliooshwa na kuchujwa, ugeuze hadi kila punje ipate mafuta. Mimina supu, ongeza maji ya moto yapite mchele kwa urefu wa pingili moja ya kidole, onja chumvi, funika.

La tatu ni kupalia. Maji yakikauka, punguza moto chini, weka makaa machache juu ya mfuniko, kaa mbali nusu saa. Usifunue kuangalia. Sufuria hiyo itanukia hadi nyumba ya tatu, na ukiifunua viazi vitakuwa vimebeba ladha ya nyama kiasi kwamba mtoto atagombea kiazi.

Pembeni weka kachumbari na embe. Desemba ni msimu wake hapa Pwani, bei inashuka, na sinia la embe zilizokatwa vizuri linaipendezesha meza. Kwa wageni wa kupita, kanda maandazi ya kilo moja ya unga usiku wa mkesha. Mgeni wa Krismasi hataki kushiba, anataka kukaribishwa na kitu mkononi.

Pambo letu lilikuwa tawi la mkrismasi, ule mti wa maua mekundu ambao Desemba umechanua kila barabara ya mji huu. Tuliomba tawi moja kwa mwenye mti, watoto wakaliweka kwenye ndoo yenye mchanga.

Hatua ya 9: Siku tatu bila kujadili hela

Tarehe 24, 25 na 26, neno hela lisitajwe kati yenu wawili. Tulikubaliana hivyo na lilitusaidia kuliko tulivyodhani. Kila kilichohitaji uamuzi kilikuwa kimeshaamuliwa.

Ibada ya mkesha kama iko mbali, iache, nendeni ya asubuhi kwa miguu. Usiku ule daladala zinaadimika na bodaboda kwa watu watano ni bajeti ya nyama.

Kabla hamjala, pakua sahani ya jirani. Mlango wa pili kwetu ni familia ya Kiislamu. Idi wanatuletea pilau, Krismasi tunawapelekea. Mwaka ule niliangalia sufuria nikasita kidogo. Binti yangu alikuwa ameshachukua sahani kabatini. Ilirudi jioni ikiwa na tende.

Mtu akikuuliza kwa nini hamkwenda nyumbani, jibu ni moja tu, "Mwaka huu tumeshindwa, Mungu akijalia mwakani." Maelezo marefu yanawachosha wote wawili.

Hatua ya 10: Tarehe 27 fuata haki yako

Kama kilichowabana ni hela ya kazi ambayo haijalipwa, hapa ndipo subira ya kunyamaza inapogeuka hasara. Madai ya kazi yana muda wake. Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na madai mengine, yakiwemo ya ujira, ndani ya siku 60 tangu jambo lilipotokea. Siku za Sikukuu nazo zinahesabika. Ukiwa kibarua usijiambie kwamba hayakuhusu. Nenda ukaulize, ukiwa na kila ulichonacho: ujumbe wa bosi kwenye simu, miamala ya malipo ya nyuma, majina ya mliofanya nao kazi, tarehe ya mwisho uliyoingia kazini.

Baba watoto na wenzake wanne waliandika barua moja ya kudai, wakaipeleka kwa bosi tarehe 30 wakiwa pamoja, wakabaki na nakala iliyosainiwa. Walimwambia wazi tarehe watakayokwenda CMA. Nusu ya hela ilitoka Februari, nusu nyingine Aprili.

Asubuhi hiyo hiyo ya tarehe 27, watoto wazikusanye chupa za soda, waziloweke, wazirudishe dukani kwa Mangi. Kwetu zilikuwa tano. Yule mdogo alizibeba mbili kifuani, akampa Mangi, akasimama kuhakikisha zimehesabiwa zote.